Kukimbia kwa Ajili ya Watoto Njiti: Mwongozo Kamili kwa Mzazi Anayechangisha Fedha za Utafiti

Kila baada ya wiki chache napokea ujumbe wa aina ileile. Mzazi ambaye mtoto wake alizaliwa kabla ya siku zake ametangaza kwamba atakimbia mbio ndefu. Amefanya mazoezi miezi mitano, amefika mwisho machozi yakimtoka, kisha amefungua akaunti akakuta michango ya watu tisa. Wengine hawafiki hata siku yenyewe, maana goti au ugoko umewatoa wiki ya sita. Wapo pia wanaopata fedha halafu hawajui pa kuzipeleka.

Mwanangu wa pili alizaliwa wiki ya 28. Nimekimbia kuchangia utafiti mara tatu, na mara ya kwanza nilikosea karibu kila kilichoandikwa hapa. Nililojifunza ni kwamba kukimbia hakuleti fedha. Kuomba ndiko kunakoleta. Mbio zinakupa sababu ya kuomba na tarehe ya kuombea, basi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kuomba, na mazoezi nimeyawekea nafasi ya kutosha tu ili ufike salama.

## Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Miezi minne hadi sita kabla ya siku ya mbio.
- Ruhusa ya daktari, hasa kama wewe ndiye uliyejifungua.
- Viatu vya kukimbilia ulivyovijaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na soksi zisizo za pamba tupu. Pamba hushika jasho, na soksi iliyolowa huzaa malengelenge.
- Mtu wa kukaa na mtoto kwa muda wa saa tatu kila wikiendi, aliyekubali kwa kauli yake mwenyewe.
- Uthibitisho wa maandishi kutoka kwa taasisi itakayopokea fedha.
- Daftari lenye majina yasiyopungua 60 ya watu wanaokufahamu.
- Mtu wa pili wa kuangalia hesabu, asiye mwenzi wako.

Kama mtu wa kukaa na mtoto hajapatikana, usijiandikishe bado. Mazoezi yanayotegemea bahati ya usingizi wa kichanga hufa wiki ya tatu.

## Hatua ya 1: Chagua swali la utafiti

Watu wengi husema "nachangia watoto njiti" na kuishia hapo. Mchangiaji hubaki akijiuliza fedha zinanunua nini: inkubeta (kasha la joto la kumtunzia mtoto njiti), nepi, au kazi ya maabara? Huduma na utafiti ni vitu viwili, na vyote vinahitajika. Lakini ukiomba fedha za utafiti, lazima uweze kusema utafiti wa nini.

Maswali makubwa ya eneo hili si mengi. Kwa nini uchungu huanza mapema kwa mama ambaye hana dalili yoyote ya hatari? Tunawezaje kumtambua mapema? Mapafu na ubongo wa mtoto aliyekwisha kuzaliwa vilindwe vipi? Na mtoto huyo akifika shuleni, asaidiwe namna gani? Chagua moja, kisha tafuta nani analifanyia kazi: chuo kikuu, hospitali ya kufundishia, au shirika la hisani. March of Dimes la Marekani na Borne la Uingereza ni mifano ya mashirika yanayofadhili utafiti wa uzazi wa kabla ya wakati. Huna haja ya kwenda mbali ikiwa kuna watafiti karibu nawe.

Waandikie na uulize mambo manne. Fedha zitaingia kwenye mradi upi? Kiasi gani kinakatwa kwa uendeshaji? Je, wanatoa risiti kwa kila mchangiaji? Na je, wataniambia matokeo hata kama ni mabaya?

Tahadhari: usitumie jina wala nembo ya taasisi kabla hawajakuruhusu kwa maandishi. Nchi nyingi zina sheria za kukusanya fedha za umma, na taasisi yenyewe ndiyo itakayokueleza kama unahitaji kibali.

Ukishaweza kumweleza jirani yako mradi wako kwa sentensi mbili, naye akauelewa bila kuuliza tena, nenda hatua inayofuata.

## Hatua ya 2: Kusanya ushahidi mchache unaoeleweka

Usimwage takwimu. Tatu zinatosha.

Ya kwanza ni ukubwa wa jambo. Mtoto njiti ni yule aliyezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto milioni 13.4 walizaliwa hivyo mwaka 2020, karibu mmoja katika kila 10. Matatizo yanayotokana na kuzaliwa mapema ndiyo yanayoongoza kuua watoto walio chini ya miaka 5.

Ya pili ni kwamba utafiti huokoa. Mwaka 1972 Graham Liggins na Ross Howie wa New Zealand walichapisha matokeo ya kuwachoma sindano ya betamethasoni akina mama waliokaribia kujifungua mapema. Mapafu ya watoto wao yalikomaa haraka zaidi. Chanzo chake kilikuwa kondoo: Liggins aliwaona wanakondoo waliopewa homoni ya aina hiyo wakiwa tumboni, kisha wakazaliwa mapema mno, wakipumua, wakati walitarajiwa kufa. Ukimwambia mtu kwamba sindano aliyochomwa mama fulani wodini inatokana na kondoo wa Liggins, hasahau.

Ya tatu naipenda kuliko zote. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Watoto wenye uzito wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8 waliwekwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali zao zitulie. Vifo katika siku 28 za kwanza vilipungua kwa robo. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu faida ilikuwa dhahiri mno. Kifua cha mama hakiuzwi, lakini kuthibitisha kwamba kinafaa mapema hivyo kuligharimu fedha.

## Hatua ya 3: Andika kisa chako, na ujue pa kukifunga

Hapa ndipo wazazi wengi huumia. Huanza kuandika, maumivu yote hutoka kwa pamoja, na kufikia asubuhi ukurasa wa mtandaoni umejaa picha za mtoto mwenye mirija.

Kabla ya kuandika neno, kaeni wewe na mzazi mwenzako mkubaliane yapi yatatoka na yapi yatabaki nyumbani. Mtoto huyu atakua, atajua kusoma, na wenzake darasani pia watajua. Mimi huacha nje jina lake kamili, majina ya wauguzi, picha zinazomwonyesha bila nguo, na ubashiri wowote kuhusu akili au maendeleo yake. Kile tunachohofia kuhusu mtoto si mali ya wachangiaji.

Kisha andika aya moja, maneno 120 hivi, iliyosimama juu ya jambo moja uliloliona kwa macho. Linganisha mianzo hii miwili:

*"Kila mwaka mamilioni ya watoto huzaliwa kabla ya wakati na familia nyingi hupitia kipindi kigumu."*

*"Siku ya tisa nesi alinifundisha kumgusa mwanangu kupitia tundu la inkubeta: kiganja kimoja kichwani, kingine miguuni, kisha utulie, usimpapase. Nilitulia dakika kumi na mbili."*

Wa pili unamfanya msomaji anyooshe mkono wake mwenyewe. Maliza aya kwa kusema utafanya nini, lini, na fedha zinakwenda wapi.

Kama mtoto wako alifariki: una haki ya kumtaja na una haki ya kunyamaza. Mpe mtu mwingine kazi ya kujibu maoni katika siku mbili za kwanza. Atatokea mtu wa kuandika neno la kukuchoma akidhani anakufariji, na si lazima ulisome wewe.

Msomee aya hiyo kwa sauti mtu aliyekuwa nawe wodini. Akikaa kimya kidogo kisha akauliza "nichangie wapi?", imekamilika.

## Hatua ya 4: Mwili kwanza, tarehe baadaye

Kama ulijifungua, usianze kukimbia mapema. Mwongozo wa fiziotherapia uliotolewa Uingereza mwaka 2019 unashauri mama asirudi kwenye mbio kabla ya miezi mitatu tangu kujifungua, na hata hapo akaguliwe kwanza misuli ya nyonga na tumbo. Aliyefanyiwa upasuaji, au aliyekuwa na shinikizo la damu katika ujauzito, apimwe na daktari kabla ya yote. Mkojo ukikuvuja unapokimbia, au ukihisi uzito unaoshuka ukeni, simama na urudi kwa mtaalamu. Kuvumilia hapo hakuna sifa.

Anayenyonyesha au kukamua maziwa ale zaidi, anyonyeshe au akamue kabla ya kutoka, na avae sidiria inayoshika vizuri.

Akina baba nao wasijidanganye. Miezi ya kulala kwa muda wa saa nne tu kila usiku huchelewesha mwili kujijenga, na mifupa iliyochoka hupata nyufa.

Sasa chagua umbali. Ukiweza kukimbia nusu saa bila kusimama, nusu marathoni, yaani kilomita 21.1, inawezekana kwa wiki 12. Marathoni nzima ya kilomita 42.195 inataka wiki 18 hadi 20 na msingi imara zaidi. Kwa mwaka wa kwanza wenye mtoto njiti nyumbani, nashauri nusu. Wachangiaji hawatoi mara mbili kwa kuwa umekimbia mara mbili.

Tarehe nzuri ni iliyo karibu na 17 Novemba, Siku ya Watoto Njiti Duniani, ambayo rangi yake ni zambarau. Siku hiyo vyombo vya habari hutafuta visa kama chako.

## Hatua ya 5: Mazoezi ya mzazi asiyelala

Kimbia mara tatu kwa wiki: mara mbili fupi za nusu saa hadi dakika 50, na mara moja ndefu wikiendi. Ongeza siku mbili za mazoezi ya nguvu ya dakika 15: kuchuchumaa, kupanda ngazi, kuinuka kwa vidole vya miguu.

Mbio ndefu za nusu marathoni ziende hivi, kwa kilomita: 6, 8, 9, 6, 10, 12, 13, 9, 15, 17, 11, kisha siku yenyewe. Angalia wiki ya nne na ya nane: umbali unashuka kwa makusudi. Mwili hujijenga unapopumzika, na anayeruka wiki hizo kwa kujiona mzima ndiye ninayepokea ujumbe wake akichechemea.

Kasi iwe ya kuweza kuzungumza sentensi nzima. Ukihema kwa neno mojamoja, punguza. Karibu mbio zako zote ziwe hivyo.

Usiku mtoto akikukesheza, ondoa zoezi la siku hiyo na usilirudishe kesho. Ukikosa wiki nzima kwa sababu mtoto amelazwa tena, jambo la kawaida kwa watoto hawa, rudia wiki uliyoiacha. Ukikosa tatu, badilisha umbali au utembee. Watu waliochanga hawatadai fedha zao kwa sababu ulikuwa wodini.

Dalili za kuacha mara moja: maumivu ya mfupa mahali pamoja unapoweza kupagusa kwa kidole, hasa yakikusumbua hata usiku, maumivu ya kifua, kizunguzungu kisichokwisha ukipumzika.

## Hatua ya 6: Tengeneza njia ya fedha

Njia bora ni fedha kwenda moja kwa moja kwa taasisi, kupitia ukurasa au akaunti yao, bila kupita mikononi mwako. Ikishindikana, fungua akaunti ya pekee kwa kazi hii, na yule mtu wa pili awe anaona kila kinachoingia na kutoka.

Kiingilio cha mbio, viatu na usafiri ujilipie mwenyewe, na uwaambie watu hivyo. Sentensi moja tu, "gharama zangu nimezilipa, mchango wako wote unakwenda kwenye utafiti", huondoa shaka ambayo hakuna atakayekuambia usoni.

Jaribu njia hiyo kwa kuchanga wewe mwenyewe kwanza. Tuma, pokea risiti, hesabu hatua ngapi umebofya. Ukichoka wewe, mchangiaji aliye safarini na simu yake atachoka mapema zaidi.

## Hatua ya 7: Kumi wa kwanza, kimyakimya

Usitangaze bado. Hili ndilo kosa linaloua changizo nyingi. Tangazo likitoka mfuko ukiwa sifuri, kila anayefungua huona sifuri na kusubiri mwingine aanze.

Chukua daftari lako uchague watu kumi waliokuwa karibu nawe mtoto alipokuwa hospitali. Mpigie kila mmoja, au mwandikie peke yake. Ujumbe wangu kwa shangazi ulikuwa hivi:

*"Shangazi, shikamoo. Nakumbuka ulivyokuwa ukipiga simu kila jioni kuuliza kama mtoto ameondolewa kwenye oksijeni. Tarehe 17 Novemba nitakimbia kilomita 21 kuchangia utafiti wa kwa nini uchungu huanza mapema. Naomba unichangie kabla ya Ijumaa, uwe kati ya kumi wa kwanza. Nimefikiria kiasi hiki hapa chini, ila chochote ni kikubwa kwangu. Kama mwezi huu ni mgumu, dua yako yatosha, na sitakukumbusha tena."*

Yamo mambo matano: kumbukumbu yetu sote wawili, kazi ya fedha, siku ya mwisho, kiasi, na mlango wa kutokea kwa heshima. Kiasi ndicho watu huona aibu kukitaja, lakini usipokitaja, unamwachia mwenzako kazi ya kukisia. Atakisia, atahofia kukosea, ataahirisha, na baada ya hapo atasahau kwa nia njema kabisa.

Andika ahadi kwenye safu yake na fedha kwenye safu yake. Ahadi usiihesabu kama fedha hata kama aliyeitoa ni ndugu yako wa damu.

Kumi hao wakishachanga na jumla ikiwa imefika walau robo ya lengo, tangaza.

## Hatua ya 8: Omba kwa kalenda

Tangazo la wazi litoke wiki nane kabla ya mbio. Likitoka mapema zaidi watu huona muda bado upo. Likichelewa, mishahara ya miezi miwili inakuwa imekupita.

Baada ya hapo, kila wiki tuma habari moja ndogo yenye kitu kipya: umbali uliokimbia, jambo ulilojifunza kuhusu utafiti, kumbukumbu fupi. Wiki ya nne na ya tano zitakuwa kimya kabisa. Usivunjike moyo wala usianze kulalamika. Rudi kwenye daftari uwaandikie watu mmojammoja, watano kila siku. Mara zangu zote tatu fedha nyingi zilitoka humo, si kwenye tangazo.

Mambo mawili ya kuepuka kwenye makundi ya WhatsApp. Usimwingize mtu kwenye kundi bila kumuuliza. Na usibandike orodha ya majina yenye kiasi mbele ya kila mmoja, maana mwenye kidogo ataona haya na kunyamaza. Bandika majina peke yake, kwa mpangilio wa alfabeti, na jumla moja chini.

Kumbusha mara moja siku tatu kabla ya mbio, na mara moja ndani ya saa 24 baada ya kumaliza, ukiwa na picha yako umelowa jasho. Wengi husubiri kuona kama kweli ulifika. Acha njia ya kuchangia wazi wiki mbili zaidi.

## Hatua ya 9: Siku ya mbio

Usijaribu kipya chochote: viatu, chakula, kinywaji, nguo. Paka mafuta ya mgando mapajani, kwapani na mahali sidiria inaposugua.

Kunywa kwa kiu. Kunywa maji mengi kupita kiasi hushusha chumvi kwenye damu na kunaweza kuua, kwa hiyo usijaze tumbo katika kila kituo. Kama utakuwa njiani zaidi ya saa moja na nusu, kula wanga gramu 30 hadi 60 kwa saa, ule uliouzoea mazoezini. Dawa za maumivu kama ibuprofeni usimeze kabla wala wakati wa mbio. Figo zikiwa na upungufu wa maji huumizwa nazo.

Anza polepole kuliko moyo unavyotaka. Kuna kilomita moja, kwangu huwa ya 15 au 16, ambapo wodi yote inarudi: mlio wa mashine, harufu ya dawa ya kunawia mikono. Nakuambia mapema ili isikushtue. Tembea dakika mbili, pumua, endelea. Ukilia, lia ukitembea.

Mtu wa kukupokea awe kwenye mstari wa mwisho na nguo kavu, chakula, na simu yenye chaji. Mtoto mwenye mapafu dhaifu abaki nyumbani kama kuna vumbi au umati.

## Hatua ya 10: Funga hesabu na urudishe habari

Ndani ya wiki tatu peleka fedha, chukua risiti, na umtumie kila mchangiaji jumla ya mwisho pamoja na picha ya risiti hiyo. Mshukuru kila mmoja kwa jina, hata aliyetuma dua. Pumzika wiki mbili bila kukimbia. Usingizi ukikataa kwa majuma, au ukijikuta unaikwepa kila habari ya hospitali, zungumza na mshauri wa afya ya akili. Wazazi waliopita wodi hizi hupata msongo mkali hata miaka baadaye, na mbio huweza kuuamsha.

Halafu weka alama kwenye kalenda, mwaka mmoja mbele. Siku hiyo waandikie watafiti uulize wamefika wapi, kisha uwatumie wachangiaji jibu lao jinsi lilivyo. Likiwa "haikufanya kazi", litume pia, na ueleze thamani yake. Nchini Marekani, sindano ya homoni ya projesteroni ya kutengenezwa ilitumika kwa miaka kuzuia kujifungua mapema, hadi utafiti mkubwa ulipokosa kuonyesha faida yake, na mwaka 2023 mamlaka ya dawa ikafuta idhini yake. Akina mama wakaacha kuchomwa sindano za kila wiki zisizowasaidia. Nilipowatumia wachangiaji wangu habari hiyo, nikihofia watakata tamaa, shangazi alijibu kwa swali moja: "Sasa wanajaribu nini kingine, na unakimbia lini?"